Kaburi la Josias Halina Msalaba

Kabla hajafika kwenye msalaba wa mtoto wake mwenyewe, Tata Symphorien Lukusa alikuwa amekwisha kukataza Noeli, mti wa Noeli, nyota ya karatasi, sikukuu ya kuzaliwa, majivu ya Jumatano na mayai ya Pasaka. Mayai hayakumsumbua sana. Mtaani kwao, Manika, mjini Kolwezi, hakuna aliyewahi kuliona yai la Pasaka. Yai likipatikana linakaangwa na kuliwa kabla halijapata dini. Lakini alilikataza mapema, lisije siku moja likafika kutoka Ulaya likamkuta hana jibu.

Watu walimwita Tata Imeandikwa-Wapi. Ukimtakia heri ya mwaka mpya, anauliza imeandikwa wapi. Ukivaa rozari shingoni, anaitazama kama fundi anavyotazama waya wa umeme ulio uchi, kisha anauliza, kwa upole kabisa, imeandikwa wapi. Hakuwa mtu wa kelele, na hapo ndipo alipochosha. Mtu wa kelele utamfungia mlango. Mtu mpole anabaki kwenye kiti chako, Biblia mapajani, anangoja jibu, na chakula chako kinapoa.

Hakuzaliwa hivyo. Babu yake alitoka Kasai kwa gari moshi, ameletwa kuchimba shaba ya kampani, na tangu hapo ukoo mzima ulikuwa wa parokia: ubatizo, komunyo, ndoa, misa ya wafu. Symphorien kijana aliimba besi kwenye kwaya, na mkewe Kabedi alikuwa akisema kwamba yeye aliolewa na sauti. Biblia ilikuja baadaye, bila kualikwa, ikahamia ndani.

Kazi yake ilikuwa kwenye kikosi cha kutoboa ardhi. Mashine inashuka chini kutafuta mahali shaba imelala, inatoa udongo wa kupima, na ikishamaliza, Symphorien anabaki nyuma. Yeye ndiye aliyechomeka bomba la chuma kwenye mdomo wa shimo, akamimina simenti, akaandika namba ya shimo kwa msumari kabla simenti haijakauka, akapaka chokaa. Nusu ya vilima vya Lualaba vina mwandiko wake. Siku moja injinia akawapa mkono wote, mmoja mmoja, akawaambia waende nyumbani wapumzike, wataitwa. "Bientôt," akasema, yaani hivi karibuni. Wakangoja. Ile bientôt ikaota ndevu, ndevu zikaota mvi. Walipokwenda kuuliza, wakamkuta karani kijana ambaye hawakuwahi kumwona, amekaa mbele ya feni.

"Injinia alituambia tutarudi," Symphorien akasema.

"Sawa, tata. Iko wapi imeandikwa?"

Haikuwa imeandikwa popote. Alirudi kwa miguu, na mwezi ule ule akaanza kusoma Biblia kuanzia Mwanzo, mstari kwa mstari, kama mtu anayekagua mkataba ambao alitia sahihi akiwa mtoto. Na alichokiona kilimtisha. Kumbe vitu vingi alivyoapia maishani vilikuwa vya mdomo tu. Tarehe ishirini na tano Desemba haimo; limo hori, na wamo wachungaji waliokesha nje na kondoo wao. Mamajusi hawakuwa watatu. Zawadi ndizo zilizokuwa tatu, wao hawakuhesabiwa. Mti uliokatwa msituni na kupambwa kwa fedha na dhahabu umo, kwa Yeremia, lakini Yeremia anausema vibaya. Siku ya kuzaliwa imo mara mbili, ya Farao na ya Herode, na kila mara inaishia na maiti.

Basi akaacha parokia, akajiunga na kusanyiko dogo la watu waliokutana nyumbani kwa Ndugu Banza, muuza vipuri vya pikipiki. Hawakuwa na kengele, sanamu wala mshumaa. Walikuwa na benchi, Biblia na maswali. Symphorien akawa mwalimu wao. Kwa mara ya kwanza tangu kampani imwache, watu walimsubiri ndipo kazi ianze.

Mtu mmoja tu aliweza kumfanya acheke juu ya mambo hayo, naye alikuwa Josias, kifungua mimba wake.

"Papa, kwa birthday ya Farao nani alikufa?"

"Mwokaji mikate. Alitundikwa."

"Labda keki ilikuwa mubaya."

Au Josias anavaa suruali ya kutoka, anasimama mlangoni: "Na patalo, papa? Patalo iko wapi imeandikwa?"

"Kutoka, sura ya makumi mbili na munane," baba anajibu bila kuinua macho. "Makuhani balivaa patalo ya kitani. Yako ni ya Dubai, lakini ni patalo."

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao. Wengine wanakumbatiana, wao walirushiana sura na mistari. Josias hakuacha parokia. Jumapili alikwenda misa na mama yake na dada yake mdogo, Jémima. Siku nyingine alikwenda kuchimba, kama vijana wote wenye mabega na wasio na mjomba serikalini. Alikuwa amejaribu kutafuta kazi Fungurume, kwenye mgodi mkubwa, akarudi na mavumbi ya barabara tu. Basi akaingia kwenye kikosi cha rafiki yake Muteba, wakawa wanashuka kwenye mashimo ya kobalti na taa kichwani.

Noeli ya mwisho alikuja na kuku mkononi. Baba yake alikuwa uani.

"Papa, usiogope. Hii kuku si ya Noeli. Ni kuku tu, alichagua siku mubaya ya kufa."

Symphorien alitaka kucheka. Lakini kesho yake alikuwa afundishe juu ya Danieli aliyekataa chakula cha mfalme, na mwalimu hawezi kufundisha Danieli huku mafuta ya kuku yanang'aa mdomoni. Ndani walikula. Baadaye Josias akatoka na paja kwenye sahani, na bonge la bukari, ugali wa mahindi, pembeni, akaiweka kwenye kiti mbele ya baba yake, akasubiri.

"Peleka kwa mama yako," Symphorien akasema.

Josias akaichukua sahani. Hakusema mzaha wowote, na hilo ndilo Symphorien alilolikumbuka baadaye.

Mvua za Februari zilipolainisha ardhi, shimo likawafunga Josias na wenzake. Watatu walitoka. Muteba akarudi chini na kamba, akafukua kwa mikono hadi akamgusa Josias mguu, akamvuta nje. Walimleta nyumbani juu ya pikipiki, amekaa katikati ya watu wawili kama abiria, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kumleta. Mama Kabedi alipoona ile pikipiki inaingia polepole, bila honi, alikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Kilio kikawekwa. Wanaume nje kwenye viti vya kuazima, wanawake ndani kwenye mikeka. Seremala akaleta jeneza, na juu ya jeneza, kama desturi, akaleta msalaba wa mbao, umepakwa rangi nyeupe, umeandikwa jina. Hakuna anayeuagiza. Unakuja na jeneza kama kifuniko kinavyokuja na sufuria. Siku ya kuzika, mtu wa karibu na marehemu anatangulia mbele ya watu wote, ameubeba. Jeneza linafuata msalaba, watu wanafuata jeneza, na mwisho msalaba unachomekwa upande wa kichwa. Muteba alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba ndiye atakayeubeba. Alikuwa ameazima shati.

Symphorien akautazama ule msalaba umeegemezwa ukutani kwake.

Ndugu Banza alikuwa amekaa kando yake. Hakuwa mtu mbaya, Banza. Alikuwa ameleta gunia la makaa na alikuwa amelia kweli. Lakini akainama, akasema kwa sauti ya chini: "Ndugu, batu yote ya kusanyiko banakuangalia weye. Ukumbuke nyoka ya Hezekia."

Hakuhitaji kukumbushwa. Hilo lilikuwa somo lake mwenyewe, alilolifundisha vizuri kuliko yote, na lazima mtu wa Kolwezi alielewe kwa sababu ni habari ya shaba. Musa, kwa amri ya Mungu, alitengeneza nyoka wa shaba jangwani, watu walioumwa wakamtazama wakapona. Amri ya Mungu kabisa, imeandikwa. Hata hivyo, miaka ikapita, watu wakaanza kumfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Siku alipofundisha hayo, Josias alikuwa amesimama dirishani, akasema kutoka nje kwamba Hezekia alifanya haraka, angepeleka kwanza depo, kwa wanunuzi wa madini, wapime asilimia ya shaba. Benchi zima lilicheka. Lakini somo lilibaki: kama alama aliyoiagiza Mungu mwenyewe ilistahili kuvunjwa, je, ile ambayo hakuiagiza?

Mama Kabedi akatoka ndani. Wanawake wawili walimshika mikono, akawaachia.

"Tata Josias," akasema, "mi nakuomba kitu moya tu. Mutoto aende na musalaba yake."

Wanaume wakatazama chini.

"Mama Josias, unajua…"

"Najua. Weye uko na kusanyiko yako, sikukuingiliaka. Noeli ulikatala, nilinyamaza. Batoto balikaa bila nguo mupya, nilinyamaza. Lakini Josias hakukuwa wa kusanyiko. Alikuwa wa parokia. Umupatie kitu yake."

"Mungu hatamusahau juu ya kukosa mbao."

"Sisemi Mungu."

Symphorien alimtazama mkewe, kisha akatazama viti, na kwenye kila kiti aliona mtu anayengoja aone kama mwalimu anaamini anachofundisha wakati kinapouma. Kufundisha juu ya mayai ambayo hayapo ni rahisi. Akajiambia kwamba kama atalegea leo, basi yote yalikuwa maneno, na Josias alilirudisha lile paja la kuku jikoni bure. Hilo la mwisho ndilo lililomfunga. Kama msalaba unaweza kukubaliwa, basi na kuku aliweza kuliwa. Na kuku hakuliwa.

"Hapana musalaba," akasema.

Kabedi alirudi ndani. Tangu siku hiyo alimjibu mumewe kila alipoulizwa, alimwekea maji ya kuoga, lakini hakuwahi tena kumwita Tata Josias, yaani baba wa Josias.

Seremala akauchukua msalaba wake, akaukwangua jina. Ulipata mtu mwingine kabla ya Jumapili; Kolwezi haikosi. Na siku ya kuzika Muteba alitangulia mbele ya jeneza na mikono mitupu, amevaa shati la kuazima, hajui mikono aiweke wapi. Mara aliikunja kifuani, mara aliishusha. Watu waliosimama kando ya barabara waliuliza ni nani anayezikwa, kwa sababu hapakuwa na jina la kusoma.

Lakini Symphorien hakuwa mtu wa kumwacha mwanawe bila alama. Alitafuta, na kwenye Mwanzo, sura ya thelathini na tano, akapata: Raheli alipokufa njiani, Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Nguzo. Aliisoma mara nyingi kwa faraja ambayo hakuwa nayo tangu msiba. Msalaba hauko, nguzo iko. Na anayesema nguzo haijaandikwa, aje nyumbani aonyeshwe kwa kidole.

Akatafuta bomba la chuma. Akalichomeka upande wa kichwa, akachanganya simenti, akaimimina kwenye mdomo wake na kuizungushia chini. Kabla simenti haijakauka akaandika kwa msumari herufi za kwanza za jina na ukoo, na chini yake mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, kwa ufupi, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Akapaka chokaa. Alifanya yote bila kufikiri. Mikono ilijua njia. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu ile pikipiki iingie uani, aliona kwamba amemfanyia mtoto wake kitu kizuri.

Kabedi alikwenda kuiona siku nyingine, na Jémima. Aliporudi akasema neno moja tu.

"Inafanana na bitu yenu ya kazi."

"Ni nguzo," Symphorien akasema. "Ya Yakobo."

"Sawa."

Mvua ziliisha, kiangazi kikapita na vumbi lake, mvua zikarudi. Kifusi cha kaburi kikashuka, majani yakaota, mchwa wakafanya ya kwao. Malalo yale, yaani makaburi ya mtaa, yamebanwa: upande mmoja nyumba, upande mwingine uwanja wa wachimbaji, na hapo katikati hakuna ukuta, kuna heshima tu. Heshima ile inashikiliwa na misalaba. Mchimbaji anachimba hadi anapouona msalaba, anasimama, anageuza jembe. Hata aliyelewa anageuza. Kaburi la Josias lilikuwa la mwisho kabisa, ukingoni, kwa sababu ndiko nafasi ilikobaki.

Muteba alikuja nyumbani mchana mmoja, mvua inanyesha, matope hadi magotini. Hakukubali kukaa. Symphorien alikuwa mlangoni na Biblia yake; Mama Kabedi alikuwa ndani kidogo, anachambua lengalenga.

"Tata, kuko maneno."

"Sema."

"Kule kwa malalo. Kuko bana bamoya, bapya, balitoka upande wa Musumba. Wiki ile balifika." Akapangusa uso, matope yakaongezeka. "Balichimba pa Josias."

Symphorien hakuelewa. "Balichimba namna gani?"

"Balichimba, tata. Shimo. Baliona bomba."

Mikono ya Mama Kabedi ikasimama kwenye mboga.

"Batu yote banajua," Muteba akasema, na sasa alikuwa anaongea haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajapigwa. "Fasi bajeoloji banachomeka bomba na simenti na namba, chini kuko kitu. Sisi yote tunafwata bomba, hata mi. Baliona bomba, baliona namba, bakasema hapa njo penyewe. Kaburi haikuonekana, majani tu. Hapakukuwa musalaba."

"Balifika wapi?"

"Kwa mbao ya jeneza. Njo baliniita."

Kabedi akasimama, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka kwenye mvua bila kumngoja mtu.

Vijana wa Musumba walikuwa wamesimama mbali kidogo na shimo, wanne, wamechoka na wamelowa. Wangeweza kukimbia, hakuna aliyewajua majina. Walibaki. Walikuwa wamefunika chini kwa turubai lao lenyewe, lile la kulalia, mvua isiingie.

"Tata, utusamehe," mkubwa wao akasema. "Sisi pia tuko na batu yetu balikufa. Kama kungekuwa musalaba, hata kwa njaa hatungegusa. Kule kwetu kaburi iko na musalaba."

Symphorien alitafuta hasira, hakuipata. Aliinama kwenye bomba. Walikuwa wamelichimbua kwa uangalifu, wakalilaza kando, kwa sababu bomba lenye namba ni bahati. Simenti haikuwa na ufa hata mmoja. Herufi zimesimama wima, namba chini yake, mstari umenyooka, chokaa imeshika. Ilikuwa kazi safi. Kama angekuwa yeye ndiye kijana, ametoka mbali, ana jembe na njaa, angechimba hapo hapo. Hata asingeuliza mtu. Alikuwa amemwandikia mwanawe, kwa mkono wake mwenyewe, kwa lugha ambayo mchimbaji yeyote wa Lualaba anaisoma, kwamba hapa chini kuna mali, chimbeni.

Alimgeukia mkewe. Kabedi alikuwa na haki ya kumkumbusha alivyouomba msalaba siku ya kilio, na angemkumbusha mbele ya wote. Lakini alikuwa anatazama turubai.

"Mufunike mutoto wangu," akawaambia vijana. "Mvua inazidi."

Wakafukia. Muteba alifanya kazi bila kusimama, na wale wanne pamoja naye.

Mvua ilipokatika, Symphorien akaenda kwa mchomelea vyuma barabarani. Mchomelea akainua miwani yake myeusi.

"Tata Imeandikwa-Wapi. Karibu. Unataka mulango?"

"Musalaba. Ya chuma."

Mchomelea akangoja mzaha ufuate. Haukufuata.

"Ya nani?"

"Josias Lukusa. Andika jina yote, usikate."

"Na myaka?"

"Hapana namba. Usiweke hata namba moya."

Alikaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa hadi kazi ikaisha, kisha akapanda pikipiki ya kukodi, msalaba bado una moto umelazwa mapajani mwake, amekunja kanzu ya mvua chini yake asiungue. Njiani watu walimwona. Wapo waliomwona wakamwonyesha mwenzao. Kabla hajafika malalo, habari ilikuwa imemtangulia kwa Ndugu Banza, naye alikuwa amefunga duka.

Wakauchomeka. Udongo ulikuwa umechimbwa mara mbili, umelegea kama unga. Msalaba ukiachwa unalala. Muteba akachanganya simenti, akamimina, na Symphorien akaushika kwa mikono miwili usiiname.

Banza alifika hapo. Alisimama, akavua kofia kwa ajili ya marehemu, akatazama.

"Ndugu Symphorien, pole. Nimesikia."

"Aksanti."

"Kitu balifanya ni mubaya sana. Lakini ile ni mwili tu, ndugu. Udongo. Weye njo ulitufundisha hivi."

"Ni kweli."

"Sasa hii unashika mu mikono, iko wapi…" Hakuimaliza. Labda aliona aibu.

"Haiko," Symphorien akasema. "Nilitafuta tena leo asubui. Haiko. Hakuna fasi balisema uweke musalaba kwa kaburi."

"Basi?"

"Mungu anajua Josias iko wapi. Hajahitaji bomba, hajahitaji chuma. Batu ya jembe njo hawajui."

"Ni vile bote banaanzaka. Kwanza ni alama ya kuonyesha batu. Kisha utapiga magoti."

"Siko napiga magoti, Ndugu Banza. Niko nashika chuma mpaka simenti ikauke."

Banza akaigeuza kofia mikononi mwake. Upepo ulileta harufu ya mvua nyingine kutoka upande wa Lubudi.

"Jumapili sitaweza kukupatia somo," akasema mwishoni. "Unaelewa. Si mi. Ni batu."

"Naelewa."

"Utakaa tu kwa benchi, kwanza. Kisha tutaona. Bientôt."

Symphorien aliinua macho akamtazama, na Banza, ambaye hakujua amesema nini, akavaa kofia yake, akampa Mama Kabedi mkono, akaenda zake akipita kati ya makaburi kwa uangalifu.

Vijana wa Musumba wakaomba ruhusa ya kuondoka, wakapewa. Muteba akabaki kidogo, akauliza bomba wafanye nalo nini. Kisha akalibeba mwenyewe begani akaondoka nalo, na mgongo wake ukaonekana kwa muda mrefu kwa sababu uwanja ule ni tambarare.

Wakabaki wawili. Mikono ya Symphorien ilichoka, akaegemeza kifua kwenye chuma kuisaidia. Hivyo, kwa mtu wa mbali, alionekana anasali. Hakuwa anasali. Alikuwa amejaribu, na kila neno lililokuja lilikuja na sauti ya kijana aliyesimama na sahani, akisubiri, naye hakujua jibu la kumpa lililo tofauti na lile alilokwisha kumpa.

"Tuende," Kabedi akasema. "Jémima iko peke yake ku nyumba."

"Simenti haijashika."

"Itashika."

"Haijashika, mama."

Kabedi alitazama mawingu, kisha akamtazama mumewe alivyokumbatia kile chuma. Angeweza kuja kushika upande wa pili. Mkono wa pili wa msalaba ulikuwa mtupu. Alisogea hadi kwenye kaburi la jirani, la mtu wasiyemjua, akakaa kwenye ukingo wake wa matofali akimpa mgongo, akavuta kikwembe mabegani, akangoja.